Unguja hadi Maskati: kwenda saa sita na robo, kurudi saa nne na dakika ishirini. Vipi?

mjukuu_wa_Kikwajuni (Jumapili, 21:06)

Assalamu alaykum wadau. Naomba msaada wa hesabu, maana mimi na dada yangu tumegombana tangu magharibi na hakuna aliyeshinda.

Bibi yetu, miaka 74, goti la kulia linamsumbua, hajapata kupanda ndege hata ya Pemba, anakwenda Maskati kwa shangazi. Hawajaonana uso kwa uso mwaka wa nane huu, ni simu tu. Tiketi tuliyowekewa ni ya moja kwa moja: kuondoka Unguja Alhamisi 02:40, kufika Maskati 08:55. Kurudi, kuondoka Maskati 14:50, kufika Unguja 19:10.

Sasa toa. Kwenda ni saa 6 na dakika 15. Kurudi ni saa 4 na dakika 20. Njia ileile, ndege aina ileile. Dada anasema kwenda ni kupanda na kurudi ni kuteremka, kwa kuwa Maskati iko juu kwenye ramani. Nikamwambia basi na dala dala la kwenda Nungwi, kaskazini ya kisiwa, lingekuwa linapanda mlima. Mtandaoni nako naona wameandika kilomita 3,900 na "saa tano na kidogo", ambayo si ya kwenda wala si ya kurudi.

Maswali yangu: (1) Bibi atakaa hewani saa ngapi kweli? Goti lake likikunjwa muda mrefu linavimba. (2) Kuna tiketi nyengine inapita Addis Ababa, jumla saa kumi na moja na nusu, lakini tunaokoa laki mbili na nusu. Inafaa? (3) Tumpe nini cha kumsaidia njiani?

Mpango wetu wa siku yenyewe: Alhamisi akishasali Isha ale, ajinyooshe kidogo, halafu saa tano usiku tumpeleke uwanjani. Dereva nimeshamwambia.

kijogoo71 (Jumapili, 21:40)

Upepo huo. Kwenda ndege inapigana na upepo, kurudi inasukumwa. Halafu Maskati mbali sana, mara mbili ya Dubai. Na njia yote ni bahari tupu, bibi asikae dirishani ataogopa maji.

mkaazi_wa_Seeb (Jumapili, 22:31)

Waalaykumu salaam mwanangu. Hesabu nitakupa, lakini kwanza mpigie dereva wako. Sasa hivi, kabla hujasoma zaidi.

Alhamisi 02:40 si Alhamisi usiku. Ni saa nane na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Alhamisi. Bibi anatakiwa awe uwanjani JUMATANO, saa tano na nusu za usiku. Ukimpeleka Alhamisi baada ya Isha, ndege yake itakuwa imeshateremsha watu Maskati asubuhi ile, imeshafagiliwa na imeshakwenda kwengine.

Nakwambia hivi kwa uchungu. Mwaka 2014 tulikuwa watatu, mimi, kaka yangu na mama yetu, Mungu amrehemu. Tiketi imeandikwa Ijumaa 00:45. Kaka ndiye msomi wetu, akasema tunaondoka Ijumaa usiku, na mimi nikasema ndiyo. Alhamisi jioni, jua limezama, mama akatoka chumbani kavaa baibui, mfuko wa dawa mkononi, akakaa barazani na begi lake miguuni. Tukamuuliza, mama unakwenda wapi? Akajibu, "Si usiku wa Ijumaa leo?"

Tukacheka. Nyinyi vijana pengine hamjui, lakini kwa wazee usiku ndio unaotangulia mchana wake. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Ukimwambia mzee njoo usiku wa Ijumaa, atakuja siku uliyokuwa hujamtayarishia chai. Basi mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilimvua mama baibui, nikampa chai ya mkandaa, nikamlaza.

Nyumba yetu iko Kiembesamaki, jirani na uwanja wa Unguja, ndege zote tunazisikia. Ikapita moja, glasi kabatini zikatetemeka kama siku zote, kaka akageukia ukutani akaendelea kulala. Ndiyo yetu ile. Siku ya pili tukaenda kaunta na mabegi yetu, yule kijana akatazama tiketi, akamtazama mama, akatazama saa ya ukutani. Mama hakusema neno mpaka tumo garini tunarudi. Akasema, "Na baibui mlinivua." Basi. Mpaka anafariki alikuwa akinikumbusha kila nikishika pasipoti.

Yeye hakujua saa ya ishirini na nne wala hajaiona tiketi. Lakini hesabu yake ya siku ya zamani ndiyo iliyolingana na ya tiketi, kwa sababu tiketi inaanza siku mpya saa sita ya usiku, na huo usiku wote unaobaki ni wa siku inayokuja. Muulize bibi yako anaondoka lini. Nakuhakikishia atakutajia sawa.

Haya, sasa hesabu. Tiketi inaandika kila saa kwa saa ya mji wenyewe. 02:40 ni saa ya Unguja, 08:55 ni saa ya huku Maskati. Huku tuko mbele kwa saa moja, mwaka mzima, hawasogezi mishale kama Ulaya. Kwa hiyo bibi akikanyaga Maskati 08:55, wewe Kikwajuni ni 07:55, saa mbili kasoro dakika tano, pengine ndio unanunua mkate. Toa sasa: saa 5 na dakika 15. Kurudi kinyume chake: 14:50 ya huku ni 13:50 ya kwenu, mpaka 19:10, saa 5 na dakika 20. Umeona? Dakika tano tu zimezidi. Hakuna mlima.

Kama hutaki kukumbuka nani yuko mbele ya nani, fanya ninavyofanya mimi. Jumlisha ya kwenda na ya kurudi kama zinavyoonekana, gawa kwa mbili. 6:15 na 4:20 ni 10:35, nusu yake saa tano na dakika kumi na saba. Tofauti ya saa inajifuta yenyewe. Nimeitumia mpaka kwa tiketi ya mwanangu wa London.

Addis nitakujibu kesho, nina unga unaumuka.

rampu_tu (Jumatatu, 06:18)

Bi mkaazi kamaliza, naongeza la kiwanjani, nimefanya kazi chini ya ndege miaka tisa.

Zile saa 5:15 si za hewani zote. Muda wa ratiba unaanza pale ndege inapotolewa vile vizuizi vya matairi na kuanza kusukumwa, unaisha pale inaposimama kule na kuwekewa vizuizi vingine. Ndani yake mna kutembea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri mwenzako atue (Unguja njia ni moja), na kule Maskati uwanja ni mkubwa, ukitua bado una safari ya matairi. Weka dakika ishirini mpaka nusu saa hapo.

Ndege ya kundi la Boeing 737 ikishafika juu inakwenda kiasi cha kilomita 830 au 840 kwa saa. Gawa 3,900 uone: saa nne na dakika arobaini. Ongeza kwamba wakati wa kupanda na kuteremka haiko kwenye mwendo huo, ongeza ya ardhini, unapata tano na robo. Ukipangiwa ndege pana kama 787, ile inakwenda karibu 900, utapunguza dakika ishirini na kitu. Kwa hiyo hewani hasa bibi yuko kiasi cha saa nne na dakika hamsini.

Upepo upo, hapo kijogoo hakukosea, ila kaugeuza: unasukuma zaidi ndege ya kwenda, si ya kurudi. Miezi ya baridi ya huko, Disemba mpaka Machi, juu ya Bara Arabu kunavuma upepo mkali wa kutoka magharibi na ndege zinauhisi. Lakini upepo wa kuleta tofauti ya saa mbili kwenye njia hii? Ungekuwa kimbunga.

Uzi_wa_Mpemba (Jumatatu, 13:52)

Kijogoo71, hilo la Dubai na la bahari tupu limenitoa kwenye foleni ya kula.

Mimi ni mwalimu wa jografia, skuli nina tufe lililopasuka ncha ya kusini, nimelipiga plasta. Leo mapumziko nimechukua uzi wa kushonea, nikashika ncha moja Unguja na ncha ya pili Maskati, nikauvuta mpaka ukanyooka. Wanafunzi wakadhani nimechanganyikiwa. Ule uzi haufuati bahari tupu. Unapita juu ya maji pembeni mwa pwani ya Kenya, unaingia nchi kavu karibu na Kismayu pale pale kwenye Ikweta, unapita ndani ya Somalia kutoka kusini mpaka kaskazini, unatokea upande wa Bosaso. Hapo ndio unakutana tena na maji, Ghuba ya Aden, halafu unaingia Bara Arabu karibu na Salalah na kumaliza juu ya jangwa la Oman. Rubani hafuati uzi sawasawa, ana njia zake za anga na maeneo ya kukwepa, lakini picha ndiyo hiyo. Sehemu kubwa ni mchanga, si maji.

Sisi tunafikiria bahari kwa sababu ya majahazi. Jahazi haliwezi kukata Somalia, lilazimika lizunguke ile pembe yote, halafu Ras al-Hadd, rasi ya mashariki ya Oman, ndipo lishike Maskati.

Na Dubai: nikauhamisha uzi. Urefu ni uleule! Nikafanya hesabu kwa digrii ili nisidanganywe na plasta, Unguja hadi Maskati kilomita 3,907, Unguja hadi Dubai 3,910. Maskati iko kusini kidogo lakini iko mashariki zaidi, zinalipana. Kutoka Dar es Salaam hadi Maskati ndiyo inazidi, karibu 3,970, na watu wa Dar msione mnadhulumiwa, ni kama kuvuka kwenu kuja kwetu.

La Addis nalo nimelipima: Unguja hadi Addis 1,690, Addis hadi Maskati 2,630, jumla 4,320. Umeongeza kilomita mia nne tu, yaani nusu saa ya ndege. Addis iko karibu njiani. Kinachokula zile saa kumi na moja na nusu ni kukaa kwenye kiti cha chuma unasubiri ndege ya pili.

Jambo moja la kuwafurahisha. Unguja iko digrii 39 mashariki, Maskati 58. Kila digrii jua linachukua dakika nne. Tofauti ya jua hasa kati ya miji hii ni saa moja na dakika kumi na sita, saa za ukutani zimekata zikaweka saa moja kavu.

kijogoo71 (Jumatatu, 14:10)

Mwalimu nimekubali. Dubai nilikwenda mwaka 2009 nikalala tangu kuruka mpaka kutua, ndio maana nikaona karibu.

mjukuu_wa_Kikwajuni (Jumatatu, 19:25)

Wadau, mikono inanitetemeka.

Nimerudi kazini nikamkuta bibi anachambua mchele. Sikumwambia kitu. Nikamuuliza, bibi unasafiri lini? Hakuinua hata macho. "Usiku wa Alhamisi." Nikamuuliza, usiku wa Alhamisi ndio lini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Keshokutwa. Jumatano ikizama."

Kumbe amekuwa akisema hivyo wiki nzima na mimi nikimjibu ndiyo bibi, kila mtu na siku yake kichwani. Dereva nimempigia, kaniambia, "Mimi nilijua ni kosa, lakini wewe ulisema umesoma tiketi."

Bi mkaazi, Mungu akulipe. Bado la Addis na la goti.

mkaazi_wa_Seeb (Jumatatu, 21:47)

Alhamdulillah. Mpe bibi salamu zangu, mwambie kuna mtu huku anamuunga mkono.

Addis: kama ungekuwa wewe ndiye msafiri, ningesema chukua, laki mbili na nusu ni pesa. Uwanja mzuri, watu wamezoea wasafiri. Lakini mwanamke wa miaka 74, goti bovu, hajapata kupanda ndege, aruke mara mbili, atue mara mbili, avue viatu kwenye ukaguzi mara ya pili, atafute geti kwa lugha asiyoijua? Utaokoa laki mbili na nusu utazimaliza kwenye dawa ya kuchua. Moja kwa moja. Mtu akikwambia atapata kampani ya wasafiri wenzake, muulize yeye mama yake alimpitisha wapi.

Goti. Omba kiti cha magurudumu leo, usisubiri siku yenyewe. Inaandikwa kwenye tiketi, hailipiwi, na hata kama anaweza kutembea aombe, kwa sababu Maskati kutoka mlangoni mwa ndege mpaka uhamiaji ni mwendo wa kutoka Darajani hadi Forodhani, ila kuna marumaru. Na anayesukuma kiti ndiye atakayempitisha kila mahali, hiyo peke yake inatosha.

Kiti cha ndani ya ndege mchagulie C. Sikiliza kwa nini. Kwenye hizi ndege za njia moja katikati, A, B na C ziko kushoto, D, E na F kulia. Akikaa C njia inakuwa mkono wake wa kulia, na goti lake bovu si la kulia? Atalinyoosha njiani taa za mikanda zikizimwa. Ukimweka D, njia iko kushoto, goti bovu linabanwa na jirani saa tano. Mimi nimejifunza kwa mguu wangu mwenyewe. Kila saa moja asimame aende choo hata kama hana haja.

Baridi. Wataalamu wa ndege watajua kwa nini, mimi najua tu kwamba usiku mle ndani ni friji. Soksi, sweta, na kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kukunja nyuma ya kiuno. Zisiende kwenye begi kubwa.

Alfajiri itamkuta angani, na hili wazee linawatia wasiwasi kuliko ndege yenyewe. Saa ya Unguja haimfai, na adhana ya Maskati iliyo kwenye simu ya shangazi yako haimfai pia, kwa sababu yeye hayuko huko wala huko. Atazame mbingu. Ndege inakwenda kaskazini mashariki, inalifuata jua, kwa hiyo kunapambazuka haraka kuliko alivyozoea. Mimi kwa ndege ya saa hizo huanza kuona weupe kiasi cha saa mbili baada ya kuruka, na saa moja baadaye jua limeshatoka. Upande wa mashariki ni madirisha ya kulia, F. Yeye yuko C, ataona kupitia kwa wenzake kama hawajafunga pazia; akishindwa amuulize mhudumu, wengi wamezoea kuulizwa. Chukua udhu wa uwanjani, asikoge choo cha ndege akateleza.

Chakula cha kubeba: visheti, mkate wa kumimina uliokauka kidogo, karafuu, achari iliyofungwa vizuri kwenye begi kubwa. DORIANI HAPANA. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu najua ni msimu na najua shangazi yako ameomba. Alikwisha letewa jirani yangu hapa, kafungiwa mifuko saba na kanga mbili, na wafanyakazi wa kule kiwanjani wakalinusa kabla begi halijafika kwenye mzani. Likabaki Unguja. Inasemekana walilila.

Halafu mkumbushe shangazi: ndege inafika Alhamisi 08:55 lakini mpaka bibi atoke nje ni saa nne hivi za asubuhi. Na huku Alhamisi ndiyo siku ya mwisho ya kazi, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Kama anaomba ruhusa kazini aombe ya Alhamisi asubuhi, asichanganye yeye naye.

Mwalimu, umenigusa ulipotaja majahazi. Babu yangu mzaa mama alikuja Unguja kwa jahazi kutoka Sur ya huku Oman, kaskazi inavuma, na alikuwa akisema siku ishirini na sita, huku anahesabu kwa vidole kila bandari. Kurudi hukurudi utakapo. Unasubiri kaskazi ife, mwezi wa nne kusi ianze kuleta, uondoke kabla haijakasirika. Miezi mitatu minne mtu yuko Malindi ya Unguja anangoja upepo, na wengi ndipo walipooa. Nikimwambia saa tano angeniuliza jahazi lina nahodha gani.

rampu_tu (Jumanne, 05:50)

Bi mkaazi, habari za kulila doriani sizithibitishi wala sizikanushi.

Baridi ni kwa sababu juu kule nje ni karibu nyuzi hamsini chini ya sifuri, na hewa ya ndani inachanganywa na hiyo ya nje baada ya kupashwa. Wanaokaa karibu na milango ndio wanaoipata zaidi. C ya katikati ya ndege, juu ya bawa, ndiyo tulivu.

mjukuu_wa_Kikwajuni (Jumapili iliyofuata, 20:15)

Narudi kutoa ripoti, si vizuri mtu kuchukua msaada akapotea.

Jumatano bibi alivaa baibui saa kumi na mbili na nusu jioni. Hatukumvua. Alikaa nalo barazani mpaka saa tano, anawapungia wapita njia, mtaa mzima ukajua. Uwanjani kiti cha magurudumu kilikuwepo, mwanzo akakikataa akasema yeye si mgonjwa, alipoona mzee mwengine wa rika lake amekaa kwenye chake akakubali. Ndege iliruka saa tisa kasoro dakika tano, kuchelewa kidogo, ikafika Maskati saa tatu kamili asubuhi ya kule. Dada kajumlisha kagawa kwa mbili, sasa anafundisha wenzake kazini kama kagundua yeye.

Alfajiri alisali kwenye kiti. Anasema alikuwa anamtazama msichana wa kiti cha F, akampigia ishara ya kufungua pazia, yule msichana hakujua Kiswahili wala Kiarabu lakini akafungua. Anasema aliona mstari mweupe na chini yake kweusi kabisa, akajiuliza kama ni bahari. Mwalimu nikamtajia Somalia ya uzi wako. Hakuamini.

Goti limevimba kidogo, shangazi analichua kwa mafuta ya nazi aliyobebewa. Visheti vimekwisha siku ya kwanza.

Kitu kimoja kimetushinda. Saa yake ya mkononi amekataa isogezwe. Shangazi alitaka kuiweka mbele saa moja, akaficha mkono ndani ya kanga, akasema mkiigusa nitajuaje nyinyi huko mnafanya nini. Anasali kwa adhana ya Maskati, lakini jana saa kumi ya kwetu alimpigia dada, akamwambia hiyo birika mnaiunguza, teremsheni. Na kweli ilikuwa jikoni.